Mazoezi ya Mwili na ya Akili kwa Vijana Wenye Skizofrenia: Je, Yaweza Kufika Kibondo na Kasulu?

Mgonjwa wa akili anayepewa rufaa kutoka Kibondo kwenda Hospitali ya Mirembe, Dodoma, husafiri kupitia Nyakanazi, Kahama, Nzega na Singida. Safari hiyo humaliza siku nzima au zaidi ndani ya basi, naye huwa ameketi katikati ya ndugu wawili ambao nao wameacha mashamba yao. Mirembe ilifunguliwa mwaka 1927, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo kuu la nchi nzima kwa maradhi ya namna hii. Mgonjwa akifika hupewa dawa, hutulia, na baada ya majuma au miezi hurudishwa kwenye vilima vya Buha akiwa na bahasha ya vidonge na tarehe ya kuonana tena na mganga. Hata yule aliyetibiwa karibu zaidi, katika Hospitali ya Maweni mjini Kigoma, hurudi na bahasha hiyo hiyo. Yale ambayo yangemrudisha darasani, shambani au dukani hayamo ndani yake.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sehemu hiyo ya tiba iliyokosekana yaweza kupelekwa hadi kijijini, na kwa gharama ndogo, endapo wakuu wa afya na wa elimu wataacha kungojea mitambo ya kigeni. Sehemu hiyo ni mazoezi ya mwili yakiunganishwa na mazoezi ya akili, yafanywe nyumbani kwa mgonjwa, chini ya uangalizi wa mtu wa mbali anayemfuatilia kwa simu na mtu wa karibu anayekimbia naye. Walimu wa sekondari wanahusika na jambo hili kuliko wanavyodhani, maana mara nyingi ugonjwa wenyewe huanzia mikononi mwao.

Skizofrenia si hali ya mtu mmoja kuwa na nafsi mbili, kama wengi wanavyosimulia. Jina hilo lilitungwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya kupasuka na akili. Alilokusudia ni kulegea kwa kamba zinazofunga pamoja fikra, hisia na matendo. Mgonjwa husikia sauti zisizosikiwa na wengine, hushikilia kwa dhati imani zisizo na msingi, na polepole hujitenga na watu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mmoja katika kila watu 300 duniani alikuwa na ugonjwa huu. Kwa watu wazima peke yao ilikuwa mmoja katika kila 222. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika Mkoa wa Kigoma. Mwanafunzi akigawa hesabu hiyo kwa 300 atapata watu wapatao 8,200. Lakini akikumbuka kwamba karibu nusu ya wakazi ni watoto, ambao ugonjwa huu huwapata kwa nadra sana, kisha akatumia kipimo cha watu wazima, atapata kama 5,500. Haya ni makadirio tu, wala si hesabu ya vichwa. Hata hivyo yatosha kuonyesha kwamba jambo linalozungumzwa si la familia mbili tatu zenye bahati mbaya.

Umri wa kuanza kwa ugonjwa ndio unaoliingiza jambo hili shuleni. Wavulana wengi huanza kuugua mwishoni mwa ujana wao au katika miaka ya mwanzo ya ishirini. Wasichana huchelewa kidogo. Kabla ya sauti na woga kujitokeza waziwazi, huwapo kipindi cha miezi, pengine miaka, ambapo akili inapunguza mwendo. Mwanafunzi aliyekuwa akinakili ubao mzima sasa ananakili nusu. Akiambiwa afungue kitabu ukurasa fulani kisha ajibu swali la tatu, anafungua kitabu na kubaki akikitazama. Anaacha mpira, anaacha rafiki, analala mchana na kukesha usiku. Mwalimu humwita mvivu na pengine humchapa. Nyumbani husemwa amelogwa, au amevuta bangi. Katika hayo la bangi laweza kuwa na ukweli wake, kwa sababu uvutaji wa bangi katika ujana umeonekana kuongeza hatari ya ugonjwa huu, lakini si kila anayeugua amevuta. Wakati watu wakibishana juu ya chanzo, muda unapotea, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kadiri mgonjwa anavyokaa bila tiba mwanzoni ndivyo uponaji wake unavyokuwa mgumu baadaye.

Dawa zipo. Ya kwanza, klopromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili nchini Ufaransa mwaka 1952, na baada yake zikaja haloperidoli, sindano ya flufenazini inayodumu kwa majuma kadhaa, na nyingine mpya zaidi. Hakuna maneno katika makala haya yanayopaswa kumfanya mtu yeyote aziache. Kwa wagonjwa walio wengi dawa huzima sauti, hupunguza hofu na humwezesha mtu kulala. Kasoro yake ni kwamba haziamshi uwezo wa kuzingatia, kukumbuka na kupanga mambo, ule uwezo ambao wataalamu huuita utambuzi. Katika miaka ya 1990 mwanasaikolojia wa Marekani, Michael Green, alikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kuonyesha kwamba upungufu wa utambuzi hufungamana kwa karibu na uwezo wa mgonjwa wa kujifunza upya, kufanya kazi na kuishi na watu. Hii ndiyo sababu kijana aliyetulia kabisa, asiyemsumbua mtu, hubaki ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba mwaka baada ya mwaka, na jamaa zake husema kwamba amepona.

Basi, je, ubongo wa mtu kama huyo waweza kunolewa tena? Mwaka 2010 wachunguzi wa Ujerumani wakiongozwa na Frank-Gerald Pajonk walitangaza matokeo yaliyowashangaza wengi. Wagonjwa wa skizofrenia walipanda baiskeli isiyokwenda popote kwa dakika 30, mara 3 kwa juma, kwa miezi 3. Wengine walicheza mpira wa mezani kwa muda huo huo, ili kusiwe na shaka kwamba nafuu yoyote ilitokana na kukutana na watu tu. Mwishoni hipokampo, ile sehemu ya ubongo inayohusika na kuweka kumbukumbu, ilikuwa imekua kwa asilimia 12 kwa wagonjwa waliopanda baiskeli, na kumbukumbu zao za muda mfupi ziliboreka. Kwa wacheza mpira wa mezani hapakuwa na ukuaji. Wagonjwa wenyewe walikuwa wachache mno, na baadhi ya wachunguzi waliorudia jaribio la namna hiyo hawakuuona ukuaji huo. Kwa hiyo asilimia 12 isichukuliwe kama kanuni. Lakini mwaka 2017 Joseph Firth na wenzake walijumlisha majaribio 10 yenye wagonjwa 385, wakakuta kwamba mazoezi yanayoongeza mapigo ya moyo huboresha utambuzi kwa kiasi kinachopimika. Wakakuta na jambo jingine ambalo kwa Kigoma lina uzito kuliko yote: faida ilikuwa kubwa zaidi pale mazoezi yaliposimamiwa na mtu mwenye ujuzi. Kumwambia tu mgonjwa akakimbie hakutoshi.

Jinsi mazoezi yanavyofanya kazi kumeelezwa kwa sehemu. Mwili unapotweta, damu nyingi zaidi hupita kichwani, na ubongo hutoa kwa wingi protini fulani inayozilisha chembe za neva na kuzisaidia kuungana. Udongo, tuseme, umelimwa. Kama hakuna mbegu iliyopandwa, mvua itakuja na magugu yataota. Ndiyo maana wachunguzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiongozwa na Keith Nuechterlein, waliamua kuunganisha mazoezi ya mwili na mazoezi ya akili yanayofanywa kwenye kompyuta: kutofautisha sauti zinazofanana, kukumbuka mfululizo wa vitu, kutambua hisia kwenye nyuso. Jaribio lao la wagonjwa 47 waliokuwa bado mwanzoni mwa ugonjwa, lililochukua miezi 6 na kuchapishwa mwaka 2023, lilionyesha kwamba waliofanya yote mawili walisonga mbele kuliko waliofanya mazoezi ya akili peke yake, si katika mitihani ya kumbukumbu tu bali pia katika masomo na kazi zao. Hatua iliyofuata ilikuwa kuyapeleka mazoezi hayo hadi nyumbani kwa wagonjwa kwa njia ya mawasiliano ya picha na sauti, ili asiyeweza kufika kliniki asiachwe.

Hapa ndipo msomaji wa Kasulu anapotabasamu. Kompyuta iko wapi? Umeme wa gridi ya taifa uliingia Kigoma mwaka 2022 tu. Kabla ya hapo miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli, na vijijini wengi hata leo huchaji simu dukani. Simu yenyewe kwa kawaida ni ile ndogo ya kubofya, kitochi, tena ni ya baba au ya kaka. Mtu akichukua mpango wa California mzimamzima na kuupandikiza Kibondo, atapata ripoti nzuri ya mwaka wa kwanza na vifaa vibovu mwaka wa pili.

Lakini tukiondoa kioo cha kompyuta, ni nini kilichobaki katika mpango ule? Kimebaki kutweta kwa nusu saa, mara kadhaa kwa juma, bila kukatiza, kazi ya akili inayoongezwa ugumu kidogo kidogo, na sauti ya mtu anayeuliza, "Jana ulikimbia?" Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho kigeni Buha. Kila aliyesoma shule Tanzania anaujua mchakamchaka: saa kumi na mbili alfajiri, umande miguuni, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia huku nyayo zikipiga ardhi kwa pamoja. Mchakamchaka ni zoezi la moyo na mapafu lililo kamili. Juu ya hilo, kuimba kwa kupokezana kunamtaka mtu asikilize, akumbuke ubeti na aingie kwa wakati wake, na yote hayo ni kazi ya utambuzi. Na kwa mazoezi ya akili yanayofanywa kwa kuketi upo mchezo wa bao, wenye mashimo 32 na kete 64, ambao humlazimisha mchezaji kuhesabu mbele hatua kadhaa na kuyashika matokeo kichwani kabla ya kunyanyua mkono. Hakuna aliyethibitisha kwamba bao humsaidia mgonjwa wa skizofrenia. Ni swali zuri la utafiti, na ni aibu kidogo kwamba linangoja.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba mkulima wa vilima vya Kibondo hahitaji kufundishwa mazoezi. Jembe, kuni na ndoo ya maji vyamtosha. Kwa mtu mzima wa afya pingamizi hilo lina nguvu. Kwa mgonjwa halina, kwa sababu yeye ndiye hasa aliyenyang'anywa jembe. Ndugu huogopa kumpa panga. Humwona mzito na mwenye usingizi kwa ajili ya dawa, humwambia akae. Baadhi ya dawa humkakamaza viungo au kumtetemesha mikono, na nyingine humnenepesha. Shirika la Afya Duniani husema kwamba watu wenye skizofrenia wana uwezekano wa mara mbili hadi tatu zaidi wa kufa mapema kuliko watu wengine, na mara nyingi kinachowaua ni maradhi ya mwili, yakiwamo ya moyo. Kukaa si pumziko kwao.

Tena nchi hii ina historia yake katika jambo hili, nayo yapasa kukumbukwa kwa heshima na kwa tahadhari. Vijiji vya utengamao, kama Hombolo mkoani Dodoma na Vikuruti, Dar es Salaam, vilijengwa juu ya fikra kwamba mgonjwa akilima, akifuga na kuishi na wenzake atapona vizuri kuliko akifungiwa wodini. Fikra hiyo ilikuwa mbele ya nchi nyingi tajiri za wakati huo. Hatari yake ni kwamba kazi inayoitwa tiba yaweza kugeuka kuwa kazi tu, yenye kumnufaisha mwenye shamba, na hakuna anayepima kama mgonjwa anasonga mbele. Mpango wowote wa mazoezi kwa Kasulu na Kibondo hauna budi kuwa na daftari la vipimo tangu siku ya kwanza, na mgonjwa awe na haki ya kukataa.

Nani asimamie? Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache mno, na wengi wako mijini. Nchini India jaribio lililochapishwa mwaka 2014, lenye wagonjwa 282, liliwatumia wahudumu wa kawaida wa jamii waliofunzwa na kusimamiwa. Dalili na ulemavu vilipungua, si kwa kiasi kikubwa, lakini vilipungua zaidi katika eneo la mashambani ambako huduma nyingine hazikuwapo. Hapa Tanzania wataalamu wa Muhimbili na Mbeya, pamoja na wenzao wa nje, walijaribu mpango ulioitwa Kuwezeshana Kupata Uzima, ambamo kijana mgonjwa na ndugu yake mmoja hufundishwa pamoja, katika kikundi, juu ya ugonjwa na namna ya kuishi nao. Mpango huo umeonyesha kwamba ndugu si mlinzi tu. Anaweza kuwa mwanafunzi wa tiba. Tangu Januari 2024 Serikali imezindua mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mhudumu wa namna hiyo, ndugu mmoja, na muuguzi wa kituo cha afya anayepiga simu mara mbili kwa juma: kikosi hicho kinawezekana katika tarafa yoyote ya Kasulu.

Juu ya simu hiyo lipo jambo ambalo wataalamu wa mawasiliano hulisahau. Mtu anayesikia sauti zisizo na mwenyewe hawezi kupokea kwa urahisi sauti ya mgeni kutoka kwenye kidude cha mkononi. Wengine huamini kwamba simu ndiyo inayopeleka fikra zao kwa maadui. Kwa hiyo mpigaji aonane na mgonjwa uso kwa uso kwanza, zaidi ya mara moja, wakimbie pamoja, wacheze bao. Simu ifuate baadaye. Na kwa kuwa simu ni ya nyumba nzima, ujumbe wa maandishi usitaje ugonjwa. "Kesho ni siku ya mbio" yatosha.

Mambo mengine ni ya kawaida lakini yasirukwe. Mgonjwa apimwe moyo na shinikizo la damu kabla ya kuanza. Asikimbie na njaa, wala akiwa na homa. Aanze kwa kutembea upesi na kupanda kilima, kisha akimbie. Akianza kujisikia vizuri atashawishika kuacha dawa, na siku hiyo ndiyo mpigaji wa simu anayopaswa kuwa macho kuliko siku zote.

Mkoa huu una sababu ya ziada ya kutangulia. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya nchi yao. Uchunguzi uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wakimbizi walipatwa na magonjwa ya jamii ya skizofrenia kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 66 kile cha wahamiaji wengine waliotoka sehemu zile zile za dunia. Sweden si Kibondo. Lakini kambi hizo zimewapitisha wahudumu wengi waliojifunza kumsikiliza mtu aliyevurugika akili, na ujuzi huo usiachwe upotee pamoja na mahema.

Haya yote yajaribiwe, wala yasitangazwe kwanza. Jaribio lenyewe si gumu kulipanga, na wanafunzi wa kidato cha tano wanaweza kulifuata. Zahanati kadhaa za wilaya hizi mbili zigawanywe kwa kura: wagonjwa wa nusu moja wapate dawa na ziara za mhudumu, wa nusu nyingine wapate hayo pamoja na mbio, bao na simu, kwa miezi 6. Anayepima asijue nani yuko kundi gani. Kipimo kimoja chaweza kuwa kile cha kurudia tarakimu zinazosomwa moja moja, kwanza kwa mpangilio wake kisha kinyumenyume. Kinahitaji karatasi na saa tu. Kingine kiwe cha maisha yenyewe: mgonjwa amekwenda sokoni mara ngapi peke yake, amerudi na chenji sahihi? Vibali vya utafiti na vya maadili viombwe kama sheria itakavyo. Matokeo yakiwa mabaya, yachapishwe hivyo hivyo.

Shule kwa upande wake hazihitaji kusubiri jaribio ili kufanya sehemu yao. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliwafungulia mlango wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, na ugonjwa ni sababu. Mwalimu anayeona kwamba mwendo wa akili wa mwanafunzi umeporomoka bila sababu inayojulikana amwite mzazi na kumwelekeza kituo cha afya kabla ya kuandika barua ya kumfukuza. Na kijana anayerudi baada ya miezi kadhaa ya dawa asipewe mtihani siku ya kwanza, wala asisimamishwe mbele ya wenzake kueleza alikokuwa. Kwa majuma ya mwanzo vipindi viwili vya asubuhi vitamtosha, akikaa safu ya mbele, mbali na dirisha, akipewa maagizo moja moja kwa maandishi. Na alfajiri, kabla ya vipindi hivyo, awe na nafasi yake katika mstari wa mchakamchaka kama wengine.